Pazia la Chumba cha Fonie

Wanajeshi walipoingia nyumbani kwa Godelive, walichukua kichwa cha cherehani na kuacha miguu. Jambo hilo lilimkera kuliko wizi wenyewe. Mwizi mwenye akili hubeba kitu kizima. Hawa walilegeza skrubu mbili, wakakipakata kile chuma cheusi kwapani kama kuku, wakaacha meza na pedali yake. Kwa siku nyingi baadaye, kila alipoketi hapo kuchambua maharagwe, mguu wake ulijikuta unasukuma pedali, na gurudumu likizunguka bure.

Walichukua pia fonie, na hiyo hasa ndiyo iliyowaleta. Mumewe, Melchior, alikuwa na redio kubwa ya kuongelea, inayotumia betri ya gari, na antena yake juu ya bati. Wafanyabiashara wa Butembo walikuja kuketi kwenye benchi la sebule yake, wakangoja zamu, kisha wakapigiana kelele na watu wao walioko Manguredjipa kwenye machimbo ya dhahabu. Ukimaliza kusema unasema “à vous”, na mwenzako anajibu. Hata aliyefiwa alipokea habari hivyo, akasema à vous, akalia.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya pili vya Kongo. Hao waliokuwa wameshika mji mwezi ule haina maana kuwataja, maana jina lao lilibadilika kila msimu wa maharagwe. Walikuwa wameamua kwamba kila fonie ni sikio la wapiganaji wa Mai-Mai walioko porini. Melchior alipata fununu asubuhi, akapitia nyuma kwenye migomba, akashika njia ya Manguredjipa kwa miguu. “Batanitafuta mimi,” alimwambia mkewe, “hapana nyinyi.” Wanaume wengi waliaga hivyo miaka ile, na waliosema hivyo wote waliamini.

Basi nyumbani wakabaki wanawake na vitambaa.

Vitambaa havikuwa vichache. Godelive alikuwa mtu wa kutunza. Kulikuwa na mashuka mawili ya harusi, kitambaa cha meza alichotarizi mwenyewe akiwa msichana kwa masista, suruali nne za Melchior zilizokuwa zimefichwa chini ya godoro, mifuko ya unga wa ngano iliyofuliwa hadi maandishi yakafifia, na mapazia. Nguo za kuvaa ndizo zilizokwisha, maana wanajeshi walibeba hata zilizokuwa kwenye kamba zikitota maji. Sokoni mitumba ilikuwa imepanda bei hadi watu walikuwa wanaishika tu na kuirudisha. Godelive akasema hatanunua uzi wala kitambaa mpaka vita viishe, na kila mtu katika nyumba yake atavaa.

Akaanza na suruali za mumewe. Alizifumua mishono yote kwa wembe, uzi akauzungushia kijiti na kukitia koponi ili autumie tena, akageuza kitambaa upande wa ndani ambao haujapauka, akakata sketi ya Julienne, binti yake wa pekee, wa miaka kumi na mitano. Muundo aliuchora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Chaki hakuwa nayo, alitumia kipande cha muhogo mkavu. Kwa kuwa cherehani ilikuwa haina kichwa, alishona kwa mkono: sindano inakwenda hatua moja mbele chini ya kitambaa, inarudi nusu hatua juu, na mshono ukivutwa haufunguki. Shuka likawa blauzi mbili. Kitambaa cha meza kikawa gauni lake la misa, na maua aliyotarizi yakaangukia tumboni. “Mama, unakuwa kama meza ya padri,” Julienne alisema, na walicheka wote wawili hadi Godelive akajichoma kidole.

Wakati huo walikuwa na wageni. Watu walikuwa wanakimbia kutoka Eringeti, na parokia iliomba kila familia ya Kikristo ifungue mlango. Godelive alimpokea mjane mmoja, Sophie, na binti yake Kavuo wa miaka kumi na minne, akawapa chumba cha jikoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: Sophie hakungoja kupewa, siku ya pili alikwishakwenda kulima vibarua mashambani kwa watu. Kavuo alibaki nyumbani. Alikuja na sketi moja iliyoungua pindo na fulana ya baba yake aliyekufa. Alijifunza mshono ule wa kurudi nyuma kwa siku moja, akaushona vizuri kuliko Julienne, na usiku walilala kitanda kimoja wakinong'ona mpaka Godelive agonge ukuta.

Likabaki pazia la sebuleni. Lilikuwa la kijani lenye maua makubwa ya manjano. Melchior alilinunua kwa mfanyabiashara aliyetoka Dubai, na mjini hapakuwa na lingine kama hilo. Lilitundikwa kati ya sebule na chumba cha fonie, mbele ya benchi la wateja, na mtu aliyekaa saa mbili akingoja Manguredjipa ijibu hakuwa na kitu kingine cha kutazama. Butembo nzima, walau ile yenye ndugu kwenye dhahabu, ililijua pazia lile. Godelive alijua pia kuwa linajulikana, na kwa kweli alilionea fahari. Sasa fonie haipo, nani atalitazama? Akaliteremsha, akatafuta penye rangi nzima kati ya mistari iliyopaushwa na jua, akakata gauni la Julienne: mikono mifupi, kiuno kilichobana kidogo, pindo pana la kuteremsha msichana akirefuka. Alikaa nalo siku sita. Ndilo lililokuwa zuri kuliko yote.

Julienne alilitazama tu.

“Mama, mi hapana vala rideau.”

“Rideau gani? Hii ni robe.”

“Ni rideau ya fonie! Batoto ya masomo batanicheka. Bataniita *allô Manguredjipa*.”

Godelive aliumia, tena sana, lakini alikuwa mama wa kuudhika kwa vitendo. Alimwita Kavuo papo hapo, akamvika, akapunguza kiuno kidole kimoja kila upande, akampa. Kavuo alijizungusha uani mpaka gauni likafunguka kama mwavuli. Kesho yake mtaa mzima ulimtania, “Fonie inapita!”, naye akajibu kwa sauti ya wafanyabiashara, “À vous!” Watu walimpenda kwa hilo. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiungua alikuwa anachekesha watu njiani. Godelive alicheka kuliko wote. Kwamba wanajeshi nao wana macho na masikio hakuna aliyelifikiria, na yeye aliyepaswa kulifikiria alikuwa bado anamkomoa binti yake.

Ikawa Jumatano, saa nne asubuhi, kwenye chemchemi bondeni. Wanawake kumi na watano hivi walikuwa foleni na mabidoni yao ya maji. Godelive alikuwapo, na Julienne, aliyekwishajitwika bidoni lake kichwani, na Kavuo aliyekuwa anakinga maji. Wanajeshi wanne, si wale waliobeba fonie, waliteremka njia wakila mapera. Mmoja wao alisimama, akaacha kutafuna.

“Yaka awa,” alimwita Kavuo kwa Kilingala, aje. Akamshika gauni begani kwa vidole viwili, kama mnunuzi. “Mi naijua hii rideau. Nilikaa mbele yake masaa mbili juu ya kuongea na ndugu yangu. Hii ni ya kwa fonie.”

Mkubwa wao, mwenye kofia nyekundu, alisogea. “Donc huyu ni mutoto ya ule mutu.”

“Hapana, baba,” Kavuo alisema. “Mi ni wa Eringeti. Mama yangu ni Sophie, iko ku shamba.”

“Eringeti! Na rideau nayo ilikimbia toka Eringeti?” Walicheka. Kisha mwenye kofia akawageukia wanawake, na hakuwa anacheka tena. “Mama yake ni nani hapa?”

Wote walijua. Mmoja aliinama kusuuza bidoni ambalo lilikuwa safi tangu mwanzo. Mwingine alishika rozari. Hakuna aliyetazama upande wa Godelive, na hiyo ilikuwa heshima yao kubwa kwake, kwa kuwa kumtazama tu kungetosha.

Godelive alimtazama Julienne. Alikuwa hatua mbili kutoka kwake, ndani ya sketi ya suruali za baba yake, maji yakimdondokea shingoni, na kinywa chake kilikuwa kinafunguka. Godelive alimjua mtoto wake. Alijua neno gani linakuja.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema. Hawasemi mzazi huufanyia nini uchungu huo.

“Mutoto yangu!” Godelive alipiga yowe, akawahi, akajitupa magotini kwenye matope. Alimkumbatia Kavuo miguu, akashika lile pindo pana alilolishona mwenyewe. “Bakubwa, muniachilie mutoto yangu! Niko na yeye tu! Mungu wangu, ni mutoto moja tu!” Alilia kwa machozi ya kweli, maana kila neno lilikuwa la kweli, isipokuwa mtu aliyemshika.

Kavuo alimtazama kutoka juu. Kwanza uso wake ulikuwa na tumaini: Mama Julienne amekuja kuniokoa. Kisha macho yake yalipita juu ya kichwa cha Godelive yakamfikia Julienne, yakakaa huko kidogo. Alipoyarudisha, hakusema tena habari za Eringeti.

“Mama,” alisema polepole. Godelive hakujua kama lilikuwa swali, na hajajua hadi leo.

“Baba yake akuje,” alisema mwenye kofia. “Siku ile atakuja, huyu atarudia.” Walimpandisha kilima katikati yao. Bidoni lake liliendelea kujaa, likafurika, mpaka mtu akaliondoa.

Jioni Sophie alirudi kutoka shamba na jembe begani. Wanawake walikuwa wanamngoja njiani, wakamweleza. Walimweleza nusu: jinsi Godelive alivyopiga magoti mbele ya bunduki, jinsi alivyomwita Kavuo mtoto wake, jinsi alivyolia. Nusu nyingine waliimeza. Kila mmoja alikuwa na binti.

Sophie alilitua jembe. Alikaa chini, akasimama, akakaa tena. Kisha akaja mpaka mbele ya Godelive, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

“Aksanti, Mama Julienne,” alisema. “Ulimulilia kama wa tumbo yako. Wengine bangenyamaza.”

“Simama,” Godelive alisema. “Simama, tafazali.”

“Sasa Baba Julienne akikuja, bataona hapana mutoto yake, batamuachilia. Si njo vile?”

“Njo vile.”

Kulikuwa na mtu mmoja, Kamate, aliyekuwa akisukuma baiskeli za mizigo hadi Manguredjipa. Alikuwa anaondoka kesho yake. Godelive aliketi kwenye meza ya cherehani, akaandika barua. *Melchior. Utasikia wamemkamata mtoto wako. Si kweli. Wamemkamata yule wa wageni. Julienne niko naye hapa. Usirudi.* Aliisoma mara mbili. Alifikiri kuongeza neno la kumwombea Kavuo, asipate neno. Mume akirudi atauawa, hilo lilikuwa wazi kama mchana. Damu ni nzito kuliko maji. Alijisemea methali hiyo ndani ya moyo, akaona haimsaidii hata kidogo, akakunja karatasi.

Sophie ndiye aliyeipeleka kwa Kamate. Hakujua kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili kama komunyo.

“Uliandika kama bamekamata mutoto?”

“Niliandika.”

Julienne alikuwa mlangoni. Toka chemchemi hakuwa amesema na mama yake zaidi ya ndiyo na hapana. Usiku alilala nusu ya kitanda, akiiacha ile nusu ya ukutani, na hakuna aliyenong'ona. Aliacha pia kula mezani. Siku moja Godelive alimkuta amelikalia lile benchi la zamani la wateja, akitazama fimbo tupu ya pazia. Akamwambia, “Julienne, nilifanya juu yako.” Msichana akajibu bila kugeuka, “Najua, mama. Njo mubaya yenyewe.”

Sophie alikuwa anapeleka viazi kambini kila asubuhi. Hawakumruhusu kuingia, walisema wanataka mama wa msichana. Alipowaambia kwamba mama ni yeye, walimwambia mama mwenye mtoto walikwishamwona pale chemchemi, akilia. Alirudi akamsimulia Godelive hilo kwa mshangao tu, wala si kwa lawama, akamwomba akaende yeye. Godelive alisema miguu inamuuma. Hakuwahi kuugua miguu maishani. Alikaa kitandani siku tatu ili uongo uwe na mahali pa kukaa.

Siku ya kumi wanajeshi walihama. Amri ilitoka waende Beni, na waliwakamata watu wa kuwabebea mizigo. Muuza mkaa mmoja aliwaona wakitoka alfajiri: wasichana watatu nyuma ya ng'ombe wa kuporwa, mmoja wao kwenye gauni la kijani, na kichwani, kama macho yake hayakumdanganya, gunia la risasi.

Sophie alifunga mzigo wake kabla muuza mkaa hajamaliza kusema. Ulikuwa mdogo: sufuria, jembe, blanketi la parokia. Aliaga uani.

“Nitabafata. Kama ni Beni, ni Beni. Kama ni mbele, ni mbele.” Alimkumbatia Godelive, akamshikilia kwa muda mrefu. “Na hata nikikosa kumuona, Mama Julienne, nitakuwa najua saa ile hapana kuwa peke yake. Alikuwa na mama pembeni yake.”

Godelive alisema, “Ndiyo.” 

Julienne alitoka ndani amevaa viatu vya shule. Alichukua mzigo wa Sophie, akajitwika. “Nitakusindikiza, Mama Kavuo.”

Hapo hapakuwa na la kubisha. Mgeni haachwi mlangoni, hata nyumba iwe na njaa. Mzigo wake hubebwa na mwenyeji hadi mahali. Mama anayemkataza mtoto wake kumsindikiza mgeni lazima aseme kwa nini, na sababu ya Godelive ilikuwa ile ile asiyoweza kuisema. “Mpaka ku daraja tu,” alisema. Julienne alikwisha kutoka.

Aliingia ndani akaanza kukusanya mabaki ya vitambaa, ili mikono ipate kazi. Kopo la uzi lilikuwa wazi mezani. Ndimo walimotunza pia karatasi chache zilizosalimika: cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, na kadi ya mwanafunzi ya Julienne yenye picha, jina lake na jina la baba yake. Kadi haikuwamo.

Godelive alikimbia. Alikimbia na sindano kifuani na kitambaa mkononi, akashuka kilima, akavuka daraja. Hawakuwapo. Alikimbia tena kwenye barabara ya Beni, kati ya wanawake wenye vikapu na baiskeli za ndizi, kwa ile miguu iliyokuwa inauma, mpaka akaona sufuria la Sophie juu ya kichwa cha mtoto wake.

“Julienne!”

Walisimama wote wawili. Julienne hakugeuka. Sophie aligeuka akiwa na wasiwasi, akidhani kuna habari za Kavuo.

Wapita njia walikuwa wengi. Godelive alikuwa na pumzi ya maneno machache tu, na safari hii hakupiga magoti.

“Anaenda kujitoa,” alisema. “Anaenda kubaambia kama yeye njo wa Melchior. Mama Kavuo, ile siku mi hapana kuwa namusaidia mutoto yako. Nilisema ni wangu juu babebe yeye, baache huyu. Julienne alikuwa amesimama karibu yangu, kama wewe sasa. Na barua, niliandika asirudi. Hakuna mutu atakuja.”

Baiskeli ya ndizi ilipita kati yao ikilia breki. Sophie alimtazama mpaka ikaisha kupita. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayehesabu siku nyuma, moja moja, akizipanga upya: viazi, barua, zile siku tatu za miguu. Alipofika mwisho alifumba macho kidogo.

Kisha akamsogelea Julienne, akautoa mzigo kichwani mwake na kujitwika mwenyewe. Msichana aliung'ang'ania. “Hapana, Mama Kavuo, tuende, mi nitabaambia, batamuachilia...” Sophie alibandua vidole vyake kimoja kimoja, bila ukali.

“Batabakamata bote mbili,” alisema. “Unazani batarudisha mumoja?”

Akamshika Julienne mkono, akaja naye hatua zile chache, akauweka mkononi mwa Godelive kama mtu anayerudisha chombo alichoazimwa.

“Rudia na mutoto yako,” alisema.

Alianza kwenda. Alikwenda upesi kwa mtu aliyejitwika, akiwapita wenye vikapu, na hakutazama nyuma hata alipofika kwenye kona. Godelive aliushikilia mkono wa Julienne. Ulikuwa wa baridi na haukumshika, lakini haukutolewa. Mvua ilianza kunyesha, wakarudi nyumbani.